Dirisha Ni la Nani?

Funga dirisha la mwisho la Visual Studio Code kwenye kompyuta ya Windows, na programu nzima inazimika. Fanya hivyo hivyo kwenye Mac: dirisha linaondoka lakini programu inabaki hai, menyu yake ikiwa juu ya skrini, ikisubiri kupewa kazi nyingine. Programu ni ileile, na msimbo wake kwa sehemu kubwa ni mmoja. Tofauti inaletwa na mistari michache ambayo kila anayejifunza Electron, zana iliyotumika kuijenga programu hiyo, hukutana nayo siku za mwanzo: madirisha yote yakishafungwa, tazama kwanza uko kwenye mfumo gani, kama si wa Apple, zima programu. Wanafunzi hunakili mistari hiyo bila kuuliza maswali. Ingefaa waulize, maana ndani yake kuna ugomvi wa miongo minne. Dirisha ni mali ya programu iliyolifungua, au ya mfumo unaoliweka kwenye skrini?

Hapo mwanzo swali hilo halikuwepo, kwa sababu hapakuwa na pande mbili. Desemba 9, 1968, mjini San Francisco, mtafiti Douglas Engelbart aliuonyesha mkutano wa wataalamu wa kompyuta kile ambacho kundi lake lilikuwa likikijenga: kipanya mkononi, maandishi yanayohaririwa papo hapo, na skrini iliyogawanywa sehemu, upande mmoja maandishi, upande mwingine sura ya mwenzake aliyekuwa Menlo Park. Skrini, programu na mashine vyote vilikuwa kazi ya kundi moja. Hapakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa.

Miaka michache baadaye, kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, PARC, kilijenga kompyuta iliyoitwa Alto. Ilianza kufanya kazi mwaka 1973, na skrini yake ilisimama wima kama karatasi ya barua, vitone 606 kwa 808. Kila kitone kilishikiliwa na biti moja ya kumbukumbu, kwa hiyo picha ya skrini peke yake ilihitaji zaidi ya baiti 61,000, karibu nusu ya kilobaiti 128 ambazo Alto ilikuwa nazo. Kutoa nusu ya kumbukumbu kwa ajili ya kuonyesha tu, katika zama ambazo kumbukumbu iliuzwa kwa bei ya kutisha, ulikuwa uamuzi wa watu wenye jeuri ya akili au wenye mfadhili tajiri. PARC walikuwa na vyote viwili.

Skrini ilikuwa ndogo, na Alan Kay pamoja na wenzake waliokuwa wakijenga lugha ya Smalltalk walitaka kuonyesha mambo mengi kwa pamoja. Jawabu lao lilikuwa kuyaacha madirisha yalaliane, la juu likifunika la chini. Dan Ingalls aliandika operesheni ya kuhamisha vipande vya picha kwa kasi, BitBlt, na hiyo ndiyo iliyofanya madirisha yanayolaliana yawezekane kwenye mashine dhaifu kama ile. Hata hapo, umiliki haukuleta shida. Ndani ya Smalltalk kila kitu kilikuwa Smalltalk: dirisha, programu na msimamizi wao.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Xerox wenyewe waliyatilia shaka madirisha hayo. Walipotoa kompyuta ya kuuza, Star, mwaka 1981, madirisha ya nyaraka yalipangwa ubavu kwa ubavu. Walikuwa wameona kwamba watumiaji wa mifumo ya awali walipoteza muda wakiyasogeza madirisha ili yasilaliane. Wakaona afadhali mfumo uifanye kazi hiyo. Hoja hiyo ilikuja kuzikwa kwa miaka mingi, kisha ikafufuka. Tutaifikia.

Mwishoni mwa 1979 ujumbe wa Apple, Steve Jobs akiwemo, uliitembelea PARC. Mmoja wa wajumbe hao, Bill Atkinson, alirudi akiamini kwamba ameona Smalltalk ikichora upya kipande cha dirisha kilichochungulia nyuma ya dirisha jingine, bila kuligusa lile la mbele. Smalltalk haikuwa na uwezo huo. Atkinson, kwa kuamini kwamba tayari kuna aliyeweza, alikaa chini akabuni njia ya kuhesabu maeneo yenye umbo lolote na kuchora ndani ya mipaka yake tu. Kazi hiyo ikawa kiini cha QuickDraw, iliyochora skrini ya kompyuta ya Lisa mwaka 1983 na ya Macintosh Januari 1984. Historia ya kompyuta ina mabishano mengi kuhusu nani aliiba nini kwa nani. Hapa kuna mtu aliyenakili kitu ambacho hakikuwepo, akakizaa.

Macintosh ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 128 tu na iliendesha programu moja kwa wakati. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Kama kuna programu moja tu, upau wa menyu unaweza kukaa juu ya skrini na kuwa wake. Dirisha basi ni la waraka, si la programu. Ukifunga waraka umemaliza waraka, bado programu iko pale, tena ni heri iwepo, maana kuipakia upya kutoka kwenye diski laini kulichosha. Miaka ikapita, Mac zikaanza kuendesha programu nyingi kwa pamoja, diski laini zikaishia majumba ya makumbusho, lakini desturi ikabaki: kwenye Mac, dirisha ni karatasi ya kazi.

Microsoft walikwenda njia nyingine. Windows 1.0 ilitoka Novemba 1985 ikiwa na madirisha ya ubavu kwa ubavu. Mmoja wa walioiongoza kazi hiyo, Scott McGregor, alikuwa ametoka PARC, ambako mpangilio huo ulikuwa na wafuasi. Windows 2.0 ya mwaka 1987 iliyaruhusu madirisha kulaliana, na Machi 1988 Apple wakaenda mahakamani. Kesi ilijaa hesabu za ajabu: mahakama ilipitia vipengele 189 vya skrini, ikaona kwamba 179 kati yake vilikuwa tayari vimeruhusiwa na mkataba ambao Apple wenyewe walikuwa wameutia saini, na vilivyobaki vingi havikustahili ulinzi. Apple walishindwa. Ila katika vita vile vyote, tofauti kubwa kati ya mifumo hiyo miwili haikubishaniwa: kwenye Windows menyu ilikaa ndani ya dirisha, na dirisha likawa ndilo programu yenyewe. Ukilifunga umeifunga. Programu kama Word na Excel za zamani ziliweka hata nyaraka zao ndani ya dirisha kubwa, madirisha ndani ya dirisha. Windows 95 ilipokuja na upau wa chini na kitufe cha alama ya X pembeni kulia, uamuzi huo uliganda.

Kabla hata kampuni hizi mbili hazijafikishana mahakamani, kwenye vyuo vikuu vya Marekani kulikuwa na tatizo la aina nyingine, na ndiko swali letu lilikozaliwa hasa. Mwaka 1983 MIT ilianzisha Mradi wa Athena pamoja na kampuni za DEC na IBM, wakitaka kujaza chuo kompyuta za aina tofauti ambazo mwanafunzi angezitumia kwa namna moja. Bob Scheifler wa chuo hicho, akihitaji mfumo wa madirisha, alichukua ule wa Stanford ulioitwa W, akaurekebisha kwa kiasi kikubwa, na Juni 1984 akauita X, herufi inayofuata. Toleo la kumi na moja, X11, lilitoka Septemba 1987, na bado kuna kompyuta zinazoliendesha leo.

Waundaji wa X walishika kanuni moja kwa ukaidi: sisi tunatoa uwezo, hatutoi amri za namna ya kuutumia. Seva ya X ilijua kuchora na kupokea vibonyezo. Haikujua dirisha zuri linafananaje. Upau wa kichwa, vitufe, mahali pa kuliweka dirisha jipya, vyote vilikabidhiwa kwa programu ya tatu, kisimamizi cha madirisha, ambayo mtumiaji aliichagua mwenyewe. Tom LaStrange aliandika twm mwaka 1987, na baada yake vikafuata visimamizi vingi hata kuvihesabu ni kazi. Kwa mara ya kwanza, mtengenezaji programu aliambiwa waziwazi kuwa yeye ni mpangaji. Anaweza kusema angependa chumba cha ukubwa huu, upande huu wa nyumba. Mwenye nyumba atasikia, kisha ataamua. Hata lugha ya waraka ulioweka adabu hizo, ICCCM, ilikuwa ya kupendekeza: programu hutoa vidokezo, msimamizi huvizingatia akipenda.

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wenye busara kuliko yote katika historia hii, na pia ndio uliosababisha usumbufu mwingi zaidi. Chukua Java. Kampuni ya Sun ilipoitangaza mwaka 1995 iliahidi kwamba programu ikiandikwa mara moja itafanya kazi popote. Lugha yenyewe ilitimiza sehemu kubwa ya ahadi. Madirisha hayakutimiza. Ili kujua dirisha lake liko wapi na fremu yake ina unene gani, Java chini ya X ilihitaji kujua kisimamizi kipi kinatawala, na waandishi wake wakaweka ndani ya msimbo orodha ya visimamizi walivyovifahamu. Watu waliotumia visimamizi vidogo kama dwm na xmonad, vinavyopanga madirisha ubavu kwa ubavu bila fremu, walifungua programu za Java wakakuta sanduku la kijivu tupu. Dawa iliyoenea ni ya kuchekesha: unakiambia kisimamizi chako kijitambulishe kwa jina la LG3D. Hilo ni jina la kisimamizi cha majaribio cha Sun, kilichoandikwa kwa Java, ambacho karibu hakuna aliyekitumia. Ukidanganya kwamba unacho, dirisha linajaa.

Kabla ya Java, watu wachache walikuwa wameshakutana na ugumu huo kwa njia ya kawaida zaidi, yaani kazi ya kulipwa. Majira ya joto ya 1990, kule Trondheim, Norwei, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa wakiandika programu ya kuhifadhi picha za ultrasaundi ambayo ilipaswa kufanya kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows. Inasimuliwa kwamba wazo la kujenga maktaba moja ya vitufe na madirisha kwa mifumo yote liliwajia wakiwa wamekaa kwenye benchi la bustani. Matokeo yake ni Qt, iliyotolewa kwa umma Mei 1995. Mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Edinburgh, Julian Smart alikuwa ameanza kazi inayofanana aliyoiita wxWindows, w ya Windows na x ya X. Microsoft walipolalamikia jina hilo, mwaka 2004 likageuzwa kuwa wxWidgets.

Njia zao zilitofautiana. Smart aliuomba kila mfumo umpe vitufe vyake halisi, hivyo programu ya wx kwenye Mac inavaa nguo za Mac. Qt huchora vitufe vyake yenyewe ikiiga sura ya mahali ilipo. Mafundi wamebishana juu ya hili kwa miaka, wakati mwingine kwa hasira isiyolingana na ukubwa wa kitufe. Lakini pande zote mbili zinakutana kwenye ukuta uleule: unaweza kuchora kila kilichomo ndani ya dirisha, lakini fremu, mahali lilipo na hatima yake vina mwenyewe.

Ukuta huo ulionekana hata Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya Windows na Linux. OpenOffice ilichora menyu zake yenyewe, kwa hiyo tafsiri ilifanywa mara moja ikatumika pande zote. Ila ukibofya kona ya upau wa kichwa kwenye Windows ya Kiingereza, menyu ndogo ya kulisogeza na kulifunga dirisha ilikuja kwa Kiingereza, maana hiyo haikuwa ya OpenOffice. Mpaka wa milki ulisomeka kwa macho: Kiswahili ndani ya fremu, Kiingereza juu yake. Microsoft walitoa baadaye kifurushi chao cha Kiswahili cha Windows XP, na kwa waliokiweka mpaka ukafifia.

OpenOffice ilikuwa na historia yake ya kutaka makuu. Ilitokana na StarOffice ya kampuni ya Kijerumani ya Star Division, ambayo Sun waliinunua mwaka 1999. Toleo la 5 la StarOffice lilijaza skrini kwa eneokazi lake lenyewe, likiwa na upau wa kazi na kitufe cha kuanzia, nyaraka zote zikifunguka humo ndani. Ilikuwa programu iliyochoka kuomba ikajitangazia uhuru. Watumiaji, ambao tayari walikuwa na upau wa kazi mwingine sentimita moja chini yake, hawakuupenda uhuru huo, na toleo la 6 likauondoa.

Kuanzia mwaka 2001 mamlaka ya mfumo yaliongezeka kwa njia ya kimyakimya. Hadi hapo programu ilichora moja kwa moja kwenye skrini, ndani ya eneo ililopewa. Mac OS X ilibadilisha utaratibu: kila dirisha lilichorwa pembeni, kwenye kumbukumbu yake, kisha mfumo ukazikusanya picha zote na kuunda skrini. Windows Vista ilifuata mwaka 2007, na Linux ilikuwa imeshaanza kucheza na Compiz na madirisha yake yanayotikisika kama mlenda. Urembo huo ulidharauliwa na wengi, kwa haki, lakini chini yake palikuwa na badiliko la kweli. Programu haikugusa tena skrini. Ilipeleka picha, na mfumo ukaamua iwekwe wapi, kwa ukubwa gani, na kama ionekane kabisa.

Anayeandika programu ya mifumo mingi hukutana na matokeo ya historia hii katika kazi inayoonekana nyepesi kuliko zote: kukumbuka mahali dirisha lilipokuwa na kulirudisha hapo kesho. Kwenye Windows, namba huhesabiwa kuanzia kona ya juu kushoto kwenda chini. Kwenye maktaba ya asili ya Mac huanza chini kushoto kwenda juu. Windows ikipunguza dirisha hadi kwenye upau wa chini hulipeleka mbali nje ya skrini, kwenye nafasi ya -32000 kwa -32000. Programu isiyochunguza huhifadhi namba hizo na kesho yake hufunguka mahali ambapo hakuna jicho litakaloiona. Mtumiaji aliyeunganisha projekta ofisini na kurudi nyumbani bila projekta hupata dirisha lililobaki kwenye skrini isiyokuwepo. Kisha kuna ukubwa wa vitone: tangu MacBook Pro ya Retina mwaka 2012 kitone cha programu si lazima kiwe kitone cha kioo, na kuanzia Windows 8.1 kila skrini inaweza kuwa na kipimo chake, kiasi kwamba dirisha likivushwa kutoka skrini moja hadi nyingine hubadilika ukubwa njiani. Ushauri wa mafundi wazoefu ni mfupi: hifadhi namba, lakini kabla ya kuzitumia hakikisha skrini ile bado ipo na dirisha linaingia, la sivyo uachie mfumo uchague.

Electron ilipokuja, ikianza mwaka 2013 ndani ya kampuni ya GitHub kama gamba la kihariri cha Atom, ilionekana imeyamaliza haya kwa nguvu. Kila dirisha ni kivinjari kizima cha Chromium. Unaandika ukurasa, unapata programu ya mezani kwenye mifumo mitatu. Kumbukumbu inaliwa bila huruma, hilo linajulikana. Kishawishi kikubwa zaidi kilikuwa kuizima fremu ya mfumo na kuchora upau wa kichwa wako mwenyewe, wenye rangi za kampuni. Wengi walifanya hivyo. Oktoba 2021 ikatoka Windows 11, ambayo ukiweka kishale juu ya kitufe cha kukuza inakuonyesha mipangilio ya kuyaweka madirisha ubavu kwa ubavu. Programu zilizojichorea kitufe hicho hazikupata kitu: mfumo haukujua kwamba ile michoro ni kitufe cha kukuza, hadi waundaji wa programu hizo wauambie kwa utaratibu maalumu. Electron yenyewe ikaongeza njia ya kati, mfumo uchore vitufe vyake na programu ichore kilichobaki kwenye upau.

Na hapo ile hoja ya Star ya Xerox imerudi. Windows ilianza kuvuta madirisha pembezoni mwa skrini mwaka 2009. Apple, waliojenga jina lao kwa madirisha yanayolaliana, waliongeza upangaji wa ubavu kwa ubavu kwenye macOS ya mwaka 2024. Skrini zimepanuka, na watu wa Xerox hawakuwa wamekosea kuhusu tabia ya binadamu.

Kwenye Linux, mwenye nyumba ameandika mkataba mpya. Kristian Høgsberg alianzisha Wayland mwaka 2008 ili ichukue nafasi ya X, na humo kisimamizi, seva na kiunganishi cha picha vimekuwa kitu kimoja. Programu ya Wayland haiambiwi dirisha lake liko wapi kwenye skrini, wala haina njia ya kawaida ya kuomba liwekwe mahali fulani. Sababu zake si za kipuuzi: chini ya X programu yoyote iliweza kupeleleza madirisha ya wengine na hata kusoma vibonyezo vyao. Tena kisimamizi kinaweza kuwa na skrini iliyozungushwa, au ya simu, au ya kofia ya uhalisia pepe, ambako namba mbili za mahali hazina maana. Hata fremu imeleta ugomvi: waundaji wa GNOME, moja ya maeneokazi ya Linux, wanasema kila programu ijichoree yake, wengine wanasema kisimamizi kiichore, na maktaba ndogo ya libdecor imebidi iandikwe ili programu za kawaida zisibaki uchi.

Wanaoumia ni wenye programu za madirisha mengi. KiCad, iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992 nchini Ufaransa kwa ajili ya kusanifu bodi za umeme, imejengwa juu ya wxWidgets: mchoro wa saketi dirisha moja, bodi dirisha la pili, kila moja kwenye skrini yake, na mhandisi anatarajia kesho yake yafunguke pale pale. Mwaka 2025 waundaji wake waliwaambia watumiaji kwamba chini ya Wayland programu inafunguka lakini kwa upungufu ambao hawawezi kuurekebisha wao, na kwamba kwa kazi ya kila siku ya kitaalamu wanapendekeza X11. Wakati huohuo GNOME na KDE walikuwa njiani kuliondoa X11 kwenye maeneokazi yao.